Chura wa Kihansi na taa za Mtambile

Leo naomba siasa tuiweke pembeni, tuzungumze historia ya mnyama mdogo kuliko kidole gumba chako. Ni yule chura wa Kihansi. Najua wengine mmeshaanza kucheka, maana kwa miaka mingi jina hilo limekuwa mzaha: eti nchi iko gizani, watu wanalilia chura!

Swali la kwanza mtakaloniuliza ni hili: mtu wa Mtambile, kisiwani Pemba, anahusiana vipi na chura wa milima ya Udzungwa? Jibu liko kwenye waya wa umeme. Zamani Pemba nzima ilikuwa ikitegemea majenereta ya dizeli ya Wesha, na kila mtu mzima anaikumbuka adha yake. Mwaka 2010 ukalazwa waya chini ya bahari kutoka Tanga, kwa msaada wa Norway. Tangu hapo taa zetu zinawaka kwa gridi ya taifa, na maji ya Kihansi yamo ndani ya gridi hiyo. Kwa hiyo deni la chura huyu ni letu pia, hata kama hatukuwepo lilipokopwa.

Haya, turudi nyuma. Miaka ya 1990 serikali, kwa mkopo wa Benki ya Dunia na wafadhili wengine, iliamua kuzuia mto Kihansi na kuzalisha megawati 180. Ujenzi ulikuwa umeshaanza ndipo mwaka 1996 wataalamu wakamkuta bondeni, chini ya maporomoko, chura wa rangi ya manjano ambaye hajapata kuonekana mahali pengine popote duniani. Makazi yake yote yalikuwa kama hekta 2 tu, eneo ambalo mchana na usiku lilikuwa likirushiwa rasharasha na maporomoko. Chura huyu hatagi mayai majini kama wenziwe. Huzaa vichura vilivyokamilika.

Mitambo ilipoanza kazi kati ya 1999 na 2000, maji yaliyokuwa yakipita bondeni yakapungua kwa asilimia 90 hivi. Rasharasha ikakatika. Mwishoni mwa mwaka 2000 wakakamatwa vyura 499 na kusafirishwa kwa ndege hadi Marekani, kwenye bustani ya wanyama ya Bronx, New York, kisha wakagawiwa bustani nyingine. Huku nyuma yakawekwa mabomba ya kunyunyizia maji ili kuiga maporomoko. Kwa muda ilionekana imefaulu, vyura wakaongezeka tena. Halafu mwaka 2003 wakaanguka ghafla, na katika mizoga ikakutwa kuvu inayoshambulia ngozi za vyura, iitwayo kitridi. Mwanzoni mwa 2004 walioonekana walikuwa wa kuhesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Mwaka 2009 shirika la IUCN likatangaza kwamba ametoweka porini.

Kule ugenini nako haikuwa raha. Wengi walikufa kwa minyoo ya mapafu na kwa kukosa lishe sahihi, mpaka kundi lote likashuka chini ya 100. Bustani mbili tu, Bronx na Toledo, ndizo zilizobaki nao. Watunzaji wakajifunza polepole: mashine za kurusha ukungu wa maji, taa maalumu badala ya jua, vijiinzi visivyoruka vilivyopakwa unga wa vitamini. Vyura wakazaliana hadi wakafika maelfu. Agosti 2010 vyura 100 wakarudishwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 2012 wengine wapatao 2,000 wakarudishwa Kihansi.

Hapa ndipo nataka tusimame kidogo. Je, kiumbe aliyezaliwa chumbani, na wazazi wake pia wakazaliwa chumbani, anajua kuishi bondeni?

Wamarekani wamelipata swali hili kabla yetu, tena kwa sababu ileile ya mabwawa ya umeme. Wana samaki aitwaye samoni, anayezaliwa mtoni, akakulia baharini, kisha akarudi mtoni kuzaa. Bwawa la Grand Coulee, lililoanza kuzalisha umeme mwaka 1941, liliwafungia samoni sehemu yote ya juu ya mto Columbia. Dawa waliyoichagua ni vituo vya kutotolesha vifaranga na kuwamwaga mtoni. Vifaranga hao wamezoea kurushiwa chakula kutoka juu, kwa hiyo kivuli kikipita hupanda juu kufuata chakula, wakati samaki wa porini hujificha. Mwaka 2007 watafiti waliochunguza trauti wa mto Hood, Oregon, ndugu wa samoni hao, walionyesha kwamba kila kizazi kinacholelewa kituoni kinapoteza kiasi cha asilimia 40 ya uwezo wa kuzaa kikirudi mtoni. Vizazi viwili tu, na zaidi ya nusu imeshakwenda!

Kwetu hili halihitaji maabara. Mfungulie kuku wa kisasa aliyekulia bandani, umweke na wa kienyeji. Mwewe akipita, wa kienyeji ameshaingia kichakani na vifaranga vyake, na yule wa kisasa bado anatazama juu.

Ndiyo maana vyura wa Kihansi hawakumwagwa tu. Wa kwanza waliwekwa kwenye vizimba vya wavu humohumo bondeni, ionekane kama watakula wadudu wa pale na kama watastahimili ile kuvu. Walirudi kwenye bonde ambalo rasharasha yake ni ya bomba, na maji ya bomba hilo yanategemea uamuzi wa binadamu. Kizimba kiliuhifadhi mwili wa chura, na wanaokifanyia kazi wanastahili heshima. Lakini hakikuweza kumrudishia maporomoko.

Sasa tazameni popo wetu wa Pemba. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ilihofiwa wamebaki maelfu machache tu, kwa kuwindwa na kukatiwa miti. Kuanzia katikati ya miaka hiyo, shirika la Fauna & Flora na idara ya misitu walifanya kazi na wanavijiji, vikundi vikaundwa, kama kile cha Kidike, kulinda miti wanayolala. Miaka kumi na kitu baadaye walihesabiwa karibu 20,000. Hawakupandishwa ndege, wala hawakufundishwa upya kula maembe. Waliachiwa nyumba yao, basi.

Sisemi tuzime taa. Leo kuna Bwawa la Julius Nyerere la megawati 2,115, na Kihansi inaonekana ndogo, lakini ilitufaa. Ninachosema ni kwamba siku wakija kutuambia mradi hauna madhara kwa kuwa wanyama watahamishwa na kuzalishwa kwingine, tuwaulize: wakirudi watakuta nini? Na tuwaulize kabla ya greda kuwasha injini, maana Kihansi swali liliulizwa ujenzi ukiwa njiani.

Tukutane wiki ijayo, panapo majaaliwa.