Hela, rupia na shilingi: feza za chuma kando ya Tanganika, na swali la kuzipimisha ng'ambo

Mtoto wa leo hapa Lweba akitumwa sokoni anapewa noti. Faranga yetu ya Kongo ni karatasi, na dola nayo ni karatasi. Feza ya chuma haijui, hajanunua nayo hata ndizi moja. Lakini kwa wazee wengine, ndani ya kikopo ao kitambaa kilichofungwa fundo, kungali vichuma vya zamani. Kimoja kina tundu katikati, kingine kina simba, kingine tembo, kingine kichwa cha mfalme mwenye taji.

Zamani hakuna aliyeviuliza. Siku hizi vinaleta mabishano ndani ya jamaa. Watoto wetu waliopitia kambi ya Nyarugusu, kisha wakapelekwa Marekani, wanapiga simu: « Musiuze kwa bei ya chuma! Mutume huku zipimwe kwanza na mafundi. » Wengine wanajibu: « Kitu cha babu hakitoki. » Na wengine, bila kuuliza mtu, wanavisugua kwa mchanga na ndimu ili ving'ae, wakifikiri bei itapanda. Nani ana haki? Mbele ya kujibu, ni vizuri tujue kwanza vichuma hivi vilifika kwetu namna gani. Mtu hawezi kupima kitu asichokijua.

1. Mbele ya feza ya chuma

Wazee wetu hawakuwa watu bila feza. Walikuwa na feza ya namna yao. Simbi zilithaminiwa sana, na mpaka leo tunaziona kwenye kofia za wakubwa wa Bwami. Kutoka kusini, upande wa Katanga, ilitoka misalaba ya shaba. Ng'ambo ya ziwa, kwenye soko la Ujiji, wasafiri wa karne ya 19 walikuta watu wakinunua samaki, chumvi na mawese kwa shanga zilizoitwa sofi. Shanga zilitungwa kwa kamba. Kamba moja iliitwa kete, na kete 10 zilifanya fundo moja. Kwa biashara kubwa ilitumika nguo, hasa merikani, iliyopewa jina hilo kwa sababu ilitoka Marekani.

Tuangalie jambo moja hapa. Kila feza ya wakati ule ilikuwa na wapimaji wake. Mwanamke wa soko alijua shanga nzuri na mbaya kwa jicho. Mwenye nguo alipima kwa mkono, toka kiwiko mpaka kidole. Kupima si jambo lililotoka Ulaya.

2. Rupia na hela za Wadachi

Wadachi walipokamata Tanganyika, kampuni yao ilianza kutoa rupia na pesa mwaka 1890. Rupia ilikuwa ya feza halisi, na juu yake kichwa cha Kaizari Wilhelm II, amevaa kofia ya vita yenye tai. Rupia moja ilikuwa pesa 64, kufuata hesabu ya Wahindi. Mwaka 1904 serikali yao ikageuza: rupia moja ikawa heller 100. Hapo njo lilipotoka neno « hela » ambalo ndugu zetu wa Tanzania wanatumia kila siku, na jirani zetu Warundi wanasema « amahera ». Ufalme wa Kaizari ulikufa zamani, lakini jina la kichuma chake lingali sokoni.

Reli ya kutoka Dar es Salaam ilifika Kigoma mwaka 1914. Kigoma na sisi tunatenganishwa na maji tu, na maji kwetu ni barabara. Mitumbwi ilipeleka mawese na ndagala, ikarudisha chumvi na nguo, na hela nazo zilivuka kwa njia hiyo.

Kisha vita vikaanza. Meli za Wadachi hazikuweza tena kuleta feza toka Ulaya. Mwaka 1916 wakafungua kiwanda cha kutengeneza feza Tabora, ndani ya karakana ya reli. Hela za Tabora ni za shaba ao shaba ya njano, zimepigwa kwa haraka, mara nyingi sura yake haikunyooka. Zina herufi T, ndiyo alama ya Tabora. Hapo hapo walipiga pia feza ya zahabu ya rupia 15, kwa zahabu ya mgodi wa Sekenke. Ina tembo ameinua mkonga, mlima uko nyuma yake. Zilitoka 16,198 tu. Tarehe 19 Septemba 1916 askari wa Kongo wakiongozwa na Wabeleji waliingia Tabora, na kazi hiyo ikaisha. Kati ya askari na wapagazi waliorudi kutoka vita ile, si ajabu kwamba wengine walirudi na hela mfukoni.

3. Faranga ya Wabeleji

Upande wetu, faranga ilianza mwaka 1887, wakati wa Leopold II. Feza ndogo za shaba zilikuwa na tundu katikati ya nyota. Tundu lilisaidia: mtu aliyekuwa hana mfuko alizitunga kwa kamba, sawa na shanga za zamani. Lakini faranga iliingia kabisa katika nyumba zetu kwa njia ya kodi. Toka miaka ya 1910 mkoloni alitaka kodi kwa feza, si kwa mazao. Mtu alipaswa kutafuta kazi ao kuuza kitu ili apate kile kichuma. Kwa hiyo, tukikamata faranga ya zamani, tukumbuke kwamba kuna mtu aliyeitokea jasho, na pengine aliyefungwa juu ya kuikosa.

Wakati wa vita kuu ya pili, Ubeleji ilikuwa mikononi mwa Wadachi. Feza ya Kongo ikatengenezwa mbali: faranga 2 ya pembe sita ya mwaka 1943 ilipigwa Philadelphia, Marekani, na faranga 50 ya feza ya mwaka 1944 ilipigwa Pretoria. Zote mbili zina tembo.

4. Shilingi ya Waingereza

Mwaka 1921 Wabeleji waliachia Waingereza Kigoma. Walibakiza sehemu ya bandari ya Kigoma na ya Dar es Salaam, kwa mkataba wa kulipa faranga moja kwa mwaka. Mwaka ule ule ikatoka shilingi ya Afrika ya Mashariki: upande mmoja kichwa cha mfalme, upande wa pili simba amesimama mbele ya milima. Senti 5 na senti 10 zilikuwa na tundu.

Hizi ndizo sarafu za Kiingereza ambazo mtu anaweza kuzikuta kwetu, na ndani yake kuna mambo mawili ya kujua. La kwanza: shilingi za 1921 mpaka 1946 zina feza halisi, lakini robo tu, tangu 1948 hazina feza hata kidogo. La pili ni la ajabu. Mfalme Edward VIII alitawala Uingereza miezi michache tu, akaachia kiti mwezi wa Desemba 1936. Waingereza kwao hawakupata hata senti moja yenye kichwa chake ya kununulia mkate. Lakini senti 5 na senti 10 za Afrika ya Mashariki za mwaka 1936 zenye jina lake zilikwisha kutoka, kwa sababu feza yenye tundu haina nafasi ya kichwa, inaandikwa jina tu. Kumbe muuza ndagala wa Ujiji alishika feza ya mfalme ambaye mwenyeji wa London hakuishika!

Watu wengi wanafikiri senti hizo zina bei kubwa sana juu ya jambo hilo. Hapana. Zilitengenezwa kwa wingi. Hadithi kubwa na bei kubwa ni vitu viwili.

5. Karatasi iliyokufa, chuma kilichobaki

Mwaka 1967 faranga ikageuka zaire: zaire moja kwa faranga 1,000, nayo ikagawanyika kwa makuta 100. Neno makuta limebaki vinywani mwetu mpaka leo. Desemba 1979 serikali ilifuta noti za zaire 5 na zaire 10, ikatoa siku chache tu za kuzibadilisha. Wenye kuwa mbali na banki walibaki na karatasi ya bule. Mwaka 1993 zaire 3,000,000 zikawa zaire mpya moja. Mwaka 1998 zaire mpya 100,000 zikawa faranga moja. Ukihesabu, faranga moja ya 1998 ni zaire miliari 300 za zamani. Mtu aliyeweka akiba ya karatasi alipoteza yote. Aliyeweka rupia moja ya feza chini ya kitanda, ingali feza. Njo maana wazee wanashikilia vichuma, na tusiwacheke.

6. Kupimisha ni nini?

Wakusanyaji wa Uingereza, tangu zamani, wanapanga sarafu kwa maneno: hii ni nzuri, hii ni nzuri sana, hii ni bora kabisa. Muuzaji na mnunuzi wanaiangalia mkononi, wanabishana, wanapatana. Marekani walifuata njia ya namba. Mwaka 1949 William Sheldon alitoa kipimo cha 1 mpaka 70. Mwaka 1986 ikaanza kampuni PCGS, na mwaka 1987 NGC. Wewe unatuma sarafu pamoja na malipo. Mafundi wanaitazama kama ni ya kweli, wanaipa namba, wanaifungia ndani ya kisanduku kigumu cha plastiki kinachoonyesha ndani. Tangu hapo inauzwa kwa ile namba.

Wanaopenda njia hii wana sababu. Sarafu za bandia ni nyingi, hata rupia 15 ya Tabora imeigizwa. Mnunuzi aliye mbali hawezi kuishika, anahitaji mtu wa kumhakikishia. Wasioipenda nao wana sababu. Jicho la mtu si mizani: sarafu ile ile ikitolewa kisandukuni na kurudishwa, inaweza kupewa namba ingine. Watu wanaishia kununua namba, hawanunui sarafu. Na Waingereza wengi wanasema sarafu ni ya kushikwa, si ya kufungwa.

Pande zote mbili zinakubaliana juu ya jambo moja: sarafu iliyosuguliwa imeharibika. Kampuni haziipi namba ya kawaida. Zinaandika tu kwamba ilisafishwa. Ule weusi wa zamani ni ngozi yake. Mchanga na ndimu vinaiondoa, na hairudi.

7. Tupime kwa akili yetu

Kwa maoni yetu, kutuma vyote ng'ambo ni kosa. Gharama ya kupimisha kichuma kimoja, pamoja na kusafirisha, inapita mara nyingi bei ya senti ao hela yenyewe. Na feza zetu zilifanya kazi: zilinunua chumvi, zililipa kodi, zilipita mikono maelfu. Kampuni itazipa namba ndogo juu ya kuchakaa. Kwetu kuchakaa kule ndiko ushuhuda wenyewe.

Lakini kukataa kabisa nako ni kosa. Tuchukue mfano wa ile rupia 15. Uzito wake ni gramu 7.168, na robo tatu ndiyo zahabu, maana yake gramu 5.376 za zahabu safi. Mtu asiyejua ataipeleka kwa mnunuzi wa zahabu, atalipwa gramu tano na kidogo, na kitu kitayeyushwa. Mkusanyaji angelipa zaidi sana. Sarafu ya namna hiyo inastahili kupimishwa, kama mwenyewe ameamua kuiuza.

Na kwa kazi ya kwanza, mizani tunayo. Wanunuzi wa zahabu wa Kivu wanahesabu kwa tola. Tola ni nini? Ni uzito wa rupia ya Wahindi, gramu 11.66, na rupia ya Wadachi ilipigwa kwa uzito ule ule. Rupia haikufa; ingali inapima zahabu yetu bila sisi kujua. Basi rupia ikiletwa, iwekwe juu ya mizani. Ikipungua sana kuliko tola, tuulize. Sumaku nayo isaidie: feza na zahabu hazishikwi na sumaku.

Kitu ambacho kampuni haiwezi kuandika kwenye kisanduku chake ni hiki: nani aliileta, kwa mtumbwi gani, ilinunua nini, ilifichwa wapi watu walipokimbia mwaka 1996. Hayo wanajua wazee, na wazee wanatutoka. Kwa hiyo tunaomba kila jamaa ifanye mambo matatu. Kwanza, wasisugue. Pili, kila kichuma kifungwe peke yake ndani ya karatasi kavu. Tatu, na ndilo kubwa, waandike ndani ya daftari jina la aliyekiacha na maneno yake juu yake. Kisha, kama jamaa yote inakubali kuuza, wauze wakijua wanachouza. Feza bila maneno yake itabaki chuma tu, hata ikipewa namba 70.