Mifumo endeshi miwili katika diski mbili: hali ya Kisangani

Kompyuta yenye mifumo endeshi miwili ni ile inayoweza kuwaka kwa Windows au kwa Linux, kadiri mtumiaji atakavyochagua anapoiwasha. Njia iliyozoeleka ni kuigawa diski moja sehemu mbili. Inayojadiliwa hapa ni kuupa kila mfumo diski yake. Katika Kisangani, makao makuu ya jimbo la Tshopo, njia hii inastahili uzito mkubwa kuliko inaopewa na miongozo iliyoandikwa kwa watu wenye umeme na intaneti ya uhakika. Diski zikitengana kwelikweli, mfumo mmoja ukiharibika mwenye mashine anaendelea na kazi kwa mfumo wa pili bila kupakua chochote, na fundi analimaliza tatizo kwa bisibisi.

Haja ya mifumo miwili ipo. Chuo Kikuu cha Kisangani, kilichoanza mwaka 1963, kina jadi ndefu ya utafiti wa misitu, na kazi za namna hiyo huhitaji ramani na takwimu. Programu za takwimu na ramani, R na QGIS, hufanya kazi kwenye Windows na Linux, ila ArcGIS Pro, nayo ya ramani, hukubali Windows tu. Zaidi ya hayo, Microsoft ilimaliza msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 pamoja na prosesa ambazo kwa upande wa Intel huanzia, kwa kawaida, kizazi cha 8. Kompyuta nyingi za mitumba, nzima na zenye nguvu ya kutosha, zinaachwa nje ya mlango huo. Mwenye mashine ya aina hii anaweza kuibakiza Windows 10 kwa ajili ya programu moja au mbili, bila kuiunganisha na mtandao, na kuingia kwenye intaneti kwa Linux inayopata masasisho.

Linalotofautisha Kisangani ni umeme. Bwawa la Mto Tshopo lilijengwa enzi za ukoloni, miaka ya 1950. Mitambo yake mitatu ina uwezo wa takriban megawati 19, na mji umekua mno tangu hapo, kiasi cha umeme kutotosha. Umeme ukikatika kwenye kompyuta ya mezani wakati sasisho linaandika faili za kuwashia, faili hizo huweza kubaki nusunusu. Kwenye diski moja mifumo yote miwili hutegemea jedwali moja la sehemu za diski, na mara nyingi eneo moja dogo la EFI ambako programu za kuwashia hukaa. Dosari ya hapo huilaza mashine nzima. Kuitibu huhitaji kupakua faili ya kusakinishia ya gigabaiti kadhaa, ambayo kwa mtu anayenunua intaneti kwa vifurushi ni gharama ya kweli.

Lakini diski mbili ndani ya kasha moja bado si utengano. Windows na baadhi ya Linux, zinaposakinishwa, huweza kukuta eneo la EFI kwenye diski nyingine na kuweka humo programu yao ya kuwashia, hata kama mtumiaji amechagua diski ya pili. Mtu huyo anaamini yuko salama mpaka siku diski ya kwanza inapokufa na ya pili, ingawa ni nzima, inakataa kuwaka. Ndiyo maana diski isiyohusika ichomolewe kabla ya kusakinisha. Kisha ijaribiwe kila moja peke yake: mashine ikiwaka, utengano umekamilika, na uchaguzi wa kila siku hufanywa kwenye menyu ya UEFI, yaani programu ya bodi kuu inayoiwasha mashine, mara nyingi kwa kubonyeza F12, F9 au F11.

Yapo yasiyotenganishwa na diski, kwa kuwa yanakaa kwenye bodi kuu. Saa ni mojawapo. Linux huandika humo saa ya UTC, yaani saa sanifu ya dunia, na Windows huisoma kama saa ya mahali. Kisangani iko saa mbili mbele ya UTC, kwa hiyo saa sita mchana Windows huonyesha saa nne. Kinshasa kosa hilo lingekuwa la saa moja tu. Tiba ni kuuagiza mfumo mmoja ufuate desturi ya mwenzake. Sasisho la Windows la Agosti 2024 nalo lilizizuia baadhi ya Linux kuwaka, zikiwemo zilizokaa kwenye diski yake yenyewe, kwa sababu amri yake ilihifadhiwa katika kumbukumbu ya UEFI. Anayeitaja hoja hii dhidi ya diski mbili ana haki kwa sehemu tu: faili za Linux hazikuguswa, na aliyezima Secure Boot, yaani ulinzi wa UEFI unaokagua programu za kuwashia, aliweza kuiwasha.

Wengine hupendekeza kompyuta pepe, yaani Linux ndani ya Windows. Kwenye mashine ya gigabaiti 16 za RAM ni shauri zuri. Kwenye ya gigabaiti 4 mifumo yote miwili hukwama, na betri hukwisha upesi saa ambayo umeme haupo. Pingamizi zito zaidi dhidi ya diski mbili ni kwamba umeme unaorudi kwa kishindo unaweza kuunguza diski zote mbili kwa pamoja. Hilo ni kweli kabisa: diski ya pili hulinda mfumo wa kuwakia, hailindi data. Tasnifu ya mwanafunzi inahitaji nakala nje ya mashine, na kompyuta ya mezani inahitaji stabilaiza.

Kwa kompyuta mpakato ya zamani, nafasi ya diski ya pili hupatikana kwa kutoa kisomeo cha DVD na kuweka fremu ya milimita 9.5 au 12.7, kulingana na unene wake. Isiyo na kisomeo hicho hutumia SSD ya nje ya USB, na hapo Linux ndiyo hukaa nje, maana Windows haikubali rasmi kusakinishwa kwenye USB tangu Microsoft ilipoiondoa Windows To Go mwaka 2020.