Juu ya Istilahi "Mashine ya Kutolea Fedha"

Katika miaka iliyofuata kutaifishwa kwa mabenki, Februari 1967, mkazi wa Ukerewe mwenye akiba Mwanza hakuwa na budi kuvuka ziwa na kupanga foleni mbele ya karani. Dirisha likifungwa, alilala mjini. Sheria ya mwaka 1991 iliruhusu mabenki ya binafsi, na baadaye zikaja mashine zisizojua saa za kufunga. Wengi huziita kwa herufi tatu za Kiingereza, ATM. Sisi twapendelea "mashine ya kutolea fedha", wala si "ya kutoa". Katika "kutolea" mtendaji ni mwenye akiba. Mashine ni chombo chake tu, kama kalamu ya kuandikia. Hata hivyo, noti zikiisha jioni, msafiri wa Nansio hulala mjini vilevile.