Springi za Gari la Mbao

Msikilizaji, malori ya Bedford yalianza kutengenezwa Uingereza mwaka 1931, yabebe mizigo. Kuyafanya magari ya abiria ilikuwa kazi yetu Unguja: seremala alijenga bodi ya mbao, na fundi wa Ng'ambo akaongeza majani ya springi. Miaka ya 1970, fedha za kigeni zilipoadimika, jani hilo mara nyingi lilitoka kwenye gari bovu.

Gari likija Darajani limejaa watu na magunia ya muhogo, bodi haikugusa tairi. Lakini likirudi shamba tupu, springi ngumu haipindi. Kila shimo humpanda abiria mgongoni, na chasisi hupasuka. Fundi mjuzi aliongeza jani moja akaacha. Mwenye gari, yeye, alitaka matatu.