Hadithi Kama Zawadi: Historia ya Mabadilishano ya Yuletide na Nafasi ya Msomaji wa Kazi Ndogo

Utangulizi

Uhakiki wa fasihi umezoea kumweka msomaji mwishoni mwa safari ya kazi: mtunzi hutunga, mchapishaji huchapisha, kisha msomaji hupokea. Hata zile nadharia zilizokusudia kumpandisha hadhi, kama insha ya Roland Barthes ya mwaka 1967 kuhusu kifo cha mwandishi, zilimpa uwezo wa kufasiri tu. Hazikumpa uwezo wa kuagiza hadithi na kuandikiwa. Makala haya yanachunguza utaratibu mmoja ambamo msomaji amepata uwezo huo, nao ni mabadilishano ya hadithi yanayojulikana kwa jina la Yuletide, yaliyoanza mwaka 2003 miongoni mwa mashabiki waandikao kwa Kiingereza. Hoja inayotetewa ni kwamba utaratibu wa kuandaa zawadi, pamoja na kanuni zake, tarehe zake na adhabu zake, ni sehemu ya historia ya fasihi kama zilivyo hadithi zenyewe.

Hadithi za mashabiki ni zile zinazotungwa na wasomaji au watazamaji kwa kutumia wahusika na mandhari ya kazi ya mtu mwingine, kwa kawaida bila kutazamia malipo. Msomaji wa fasihi ya Kiswahili hataiona desturi hii kuwa ngeni kabisa. Katika takhmisa, mshairi huchukua mishororo miwili ya mtunzi mwingine na kuitangulizia mishororo mitatu yake hadi ubeti ukawa wa mishororo mitano. Huyo naye ni msomaji aliyeipenda kazi hata akaingia ndani yake kwa kalamu.

Tatizo la Udogo

Historia ya hadithi hizi katika Marekani hufungamanishwa na tamthilia ya televisheni Star Trek, iliyoanza kuonyeshwa mwaka 1966. Jarida la mashabiki wake liitwalo Spockanalia lilitoka mwaka 1967. Majarida ya aina hiyo yalichapwa kwa gharama za mashabiki wenyewe na kuuzwa kwa bei ya kurudisha fedha za karatasi, uchapaji na posta. Hapo ndipo tatizo la udogo lilipoanzia. Kazi iliyopendwa na maelfu iliweza kulipia jarida lake, ilhali kazi iliyopendwa na watu kumi haikuweza, hata kama kumi hao waliipenda kwa dhati zaidi.

Intaneti iliondoa gharama ya karatasi, lakini haikuondoa upweke. Tovuti ya FanFiction.Net, iliyofunguliwa mwaka 1998, ilimruhusu yeyote kuweka hadithi yake hadharani. Hata hivyo, ruhusa ya kuandika si sawa na sababu ya kuandika. Anayeandika kuhusu riwaya iliyosahauliwa anajua kwamba huenda asipate msomaji hata mmoja. Naye anayetamani kuisoma hadithi hiyo hana wa kumwomba. Hivyo basi, kila mmoja humsubiri mwenziwe bila kujua kwamba yupo. Kazi ndogo haikosi wapenzi. Inakosa mahali pa kuwakutanisha.

Yuletide ilikuwa jibu la tatizo hilo. Waandaaji walichukua desturi ya Krismasi ya kupeana zawadi kwa siri, wakaifanya chombo cha kuwakutanisha wapenzi wa kazi adimu. Hapakuwa na nafasi kwa zile kazi kubwa zenye hadithi tele. Mshiriki alitaja kazi kadhaa ambazo angependa kuandikiwa, akataja na nyingine ambazo yuko tayari kuziandikia. Kisha waandaaji wakamwoanisha kila mwombaji na mwandishi mmoja. Hadithi zilifunuliwa tarehe 25 Desemba, na majina ya waandishi tarehe 1 Januari.

Kanuni za Zawadi

Marcel Mauss, katika uchunguzi wake wa mwaka 1925, alieleza kwamba zawadi huambatana na wajibu wa aina tatu: kutoa, kupokea na kurudisha. Yuletide inaukubali wajibu wa kwanza na wa pili, lakini inaugeuza wa tatu. Anayepewa hadithi hairudishi kwa aliyempa. Yeye ameandika, au anaandika, kwa ajili ya mtu mwingine kabisa. Katika hili mabadilishano haya yanatofautiana na malumbano ya kishairi, kama yale ya Muyaka bin Haji wa Mombasa na washairi wa Lamu katika karne ya 19, ambamo jibu lilirudi kwa yule yule aliyerusha neno. Mfano ulio karibu zaidi ni upatu, ambapo kila mchezaji huchanga na kila mchezaji hupokea, na anayeshikilia mchezo wote ni yule mtunza daftari anayeaminiwa na wote.

Kwa kuwa zawadi huzunguka, kanuni zililazimika kulinda pande mbili zinazovutana. Mpokeaji analindwa na kima cha chini cha maneno 1,000, ili asije aliyetaabika akapewa kipande cha kubahatisha. Analindwa pia na sharti kwamba hadithi iwe ya kazi na wahusika aliowaomba. Mwandishi naye analindwa na kanuni isemayo kwamba maelezo ya hiari ya mwombaji ni mapendekezo tu. Mwombaji huandika barua kwa mwandishi asiyemjua, akieleza anachokipenda na asichotaka kukutana nacho. Mwandishi muungwana huisoma kwa makini, lakini si mtumwa wake. Barua hizi zinastahili kuchunguzwa kama utanzu, maana ndani yake msomaji wa kawaida huandika uhakiki: hueleza ni pengo gani ameliona katika matini asilia, na kwa nini pengo hilo linamkera.

Kuna pia suala la ahadi isiyotimizwa. Mtu akijitoa, mpokeaji wake hubaki mikono mitupu huku yeye mwenyewe ameshamwandikia mwingine. Kwa sababu hiyo kuna waandishi wa dharura, wanaojitolea kuziba pengo, wakati mwingine kwa siku chache tu. Aliyekosa kutimiza ahadi alitakiwa kwanza alipe deni kwa kuandika hadithi iliyoombwa na kukosa mwandishi, ndipo ashiriki tena. Dawa ya deni ni kulipa, hata deni la zawadi. Kinyume chake kuna nyongeza, yaani hadithi ambazo mtu huandika bila kupangiwa, kwa kuvutiwa tu na ombi la mgeni. Methali husema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Yuletide inaonyesha kwamba moyo nao huhitaji daftari.

Hesabu ya Siri

Siri si pambo katika utaratibu huu. Kati ya Krismasi na mwaka mpya hadithi husomwa bila majina ya waandishi. I. A. Richards alifanya jaribio la namna hiyo kwa wanafunzi wake wa Cambridge, akawapa mashairi yasiyo na majina ya watunzi na kuchapisha matokeo mwaka 1929 katika Practical Criticism. Kusudi la Richards lilikuwa kufichua udhaifu wa wasomaji. Siri ya Yuletide ina shabaha nyingine: inampa mwandishi asiyejulikana nafasi ya kusomwa sawa na mwenye sifa, angalau kwa juma moja.

Lakini siri hiyo hutegemea idadi. Chukua kundi la wapenzi watatu wa riwaya moja wanaotaka kupeana hadithi. Maadamu hakuna anayejiandikia, kuna namna mbili tu za kuwapanga, na katika zote mbili kila mtu, akishajua anamwandikia nani, anajua papo hapo ni nani anayemwandikia yeye. Kwa watu wanne namna zinafika 9, na kila mmoja hubaki na washukiwa watatu walio sawa. Kwa sita zinafika 265. Hata hivyo, katika kundi dogo mtindo wa mtu hujulikana kama sauti yake gizani, na kila sharti la mhusika gani aandikwe hupunguza namna zilizobaki. Kwa hivyo kundi dogo likijiandalia mabadilishano peke yake hubeba hatari mbili: siri kuvuja, na mtu mmoja akijitoa duara zima kuyumba. Busara ya Yuletide ilikuwa kuyaunganisha makundi madogo mengi chini ya paa moja, kila moja likibaki dogo katika mapenzi yake, yote yakiwa makubwa katika hesabu.

Hifadhi na Umiliki

Mwaka 2007 ulileta suala la nani anamiliki paa lenyewe. Katika mwaka huo kampuni moja ilizindua tovuti ya kibiashara iitwayo FanLib, iliyotaka kuzikusanya hadithi za mashabiki kwa faida yake. Ilifungwa mwaka 2008. Mwaka huo huo wa 2007 mashabiki walianzisha shirika lisilo la kibiashara, Organization for Transformative Works, ambalo mwandishi wa riwaya Naomi Novik alikuwa miongoni mwa waanzilishi wake. Hifadhi ya shirika hilo, Archive of Our Own, ilifunguliwa kwa umma mwezi Novemba 2009, na Yuletide ya mwaka huo ikafanyika humo. Baadaye hadithi za miaka ya awali nazo zikahamishiwa huko. Mwaka 2019 hifadhi hiyo ilipata Tuzo ya Hugo.

Henry Jenkins, katika kitabu chake cha mwaka 1992, alimfananisha shabiki na mwindaji haramu katika shamba la mwenyewe. Tashbihi hiyo ilifaa kueleza uhusiano wa shabiki na wenye haki za kazi asilia. Haitoshi kueleza kinachotokea mashabiki wanapojengeana ghala, kulitunza na kuweka kanuni za kugawana. Karen Hellekson, aliyeandika mwaka 2009 kuhusu utamaduni wa zawadi wa mashabiki, alikuwa karibu zaidi na ukweli alipoiona zawadi kuwa ndiyo inayoifanya jamii yenyewe.

Paa hilo halikosi ufa. Mpaka wa kazi adimu, ambao katika miaka ya karibuni umepimwa kwa hadithi zisizofikia 1,000, ni wa tarakimu, na tarakimu haioni kila kitu. Kazi iliyokuwa ndogo ikipata umaarufu hutolewa nje, pengine kwa sababu ya hadithi zile zile zilizoandikwa ili kuiokoa. Zaidi ya hayo, kazi ya waandaaji hubaki bila jina. Hadithi ina mwandishi anayefunuliwa Januari mosi. Jedwali la kuoanisha halina anayelipigia makofi.

Hitimisho

Yuletide haikubuni hadithi ya shabiki, wala zawadi, wala siri. Ilichobuni ni mpangilio unaomhakikishia msomaji wa kazi iliyosahauliwa kwamba angalau mtu mmoja ataketi kuiandika upya kwa ajili yake. Uhai wa kazi ndogo hautegemei idadi ya nakala zake pekee. Hutegemea pia kama yupo anayeingoja na kama yupo aliyetwikwa ahadi ya kumwitikia. Mhakiki anayehesabu vitabu na kuwasahau watunza daftari atakuwa ameandika nusu ya historia. Nusu ya pili imo katika orodha za majina, tarehe za mwisho na barua za watu wasiojuana.