Wimbi la joto la Chicago (1995)
Joto kali lenye unyevunyevu mzito lililoikumba Chicago, Marekani, katikati ya Julai 1995. Tarehe 13 kipimajoto kilifika nyuzi 41 za selsiasi. Vifo vya ziada vilikadiriwa kupita 700. Wengi walikuwa wazee maskini walioishi peke yao, madirisha wameyafunga kwa kuogopa wezi. Usiku nao haukutosha kupoza kuta za matofali. Upweke wa wazee hao uliua kama joto lenyewe. Hewa inapozidi joto la mwili, feni pekee haifui dafu: yahitajika maji ya kunywa, chumba chenye kiyoyozi, na jirani wa kubisha hodi. Anayechanganyikiwa au kuzimia apozwe mwili kwa maji papo hapo, huku gari la wagonjwa likiitwa.