Galvanaizi: kupaka au kuchovya?

Katika maduka ya vifaa vya ujenzi, kutoka Mombasa hadi Mwanza, neno hili halina ugeni. Kuna bomba la galvanaizi, waya wa galvanaizi, misumari ya galvanaizi, na siku hizi hata rangi ya kopo huuzwa kwa jina hilohilo. Mtu anayejenga banda la kuku hana haja ya kuuliza zaidi. Lakini mwenye boti ya faiba anayetafuta tela la kuivutia inambidi aulize, maana tela la boti ni chuma kinachoingizwa baharini kwa makusudi, kikatolewa, kikaachwa juani na chumvi yake.

Jina lenyewe limetoka kwa Luigi Galvani wa Bologna, mwanasayansi wa karne ya 18 aliyeshangazwa na miguu ya chura mfu iliyorukaruka ilipoguswa kwa metali. Galvani hakuwahi kuchovya chuma katika kitu chochote. Aliyepata hataza ya kukinga chuma kwa zinki iliyoyeyushwa ni mhandisi Mfaransa, Stanislas Sorel, mwaka 1837, naye aliliazima jina hilo kwa kuwa kinga ya zinki ina umeme ndani yake.

Tafsiri inayokuja mdomoni haraka ni “kupaka zinki”. Mimi siipendi, kwa sababu kinachopakwa hukaa juu ya kitu na siku moja hubanduka. Katika mtambo wa galvanaizi chuma huondolewa mafuta kwanza, kikaoshwa kwa tindikali hadi kutu yote iishe, kikapitishwa kwenye mchanganyiko wa chumvi za zinki na amonia, ndipo kikazamishwa katika birika la zinki iliyoyeyuka, kwenye joto la nyuzi 450 hivi za Selsiasi. Humo metali hizo mbili huungana. Kati ya chuma na zinki tupu ya juu hujengeka matabaka ya aloi, na baadhi yake ni magumu kuliko chuma chenyewe. Chuma cha unene wa milimita 3 hadi 6, kwa kiwango cha kimataifa cha ISO 1461, hutakiwa kutoka na zinki ya wastani wa mikroni 70 au zaidi. Bolti inayong’aa dukani, iliyopitishiwa zinki kwa umeme, huwa na mikroni chache tu. Baharini haichukui muda kuwa nyekundu.

Kwa hiyo napendekeza “kuchovya zinki” kwa kazi ya birika, “kuvika zinki kwa umeme” kwa ile ya bolti, na “kupaka rangi ya zinki” iachiwe kopo na brashi. Wapo watakaosema kuzamisha ni sahihi kuliko kuchovya, kwa kuwa chuma hukaa ndani kwa dakika kadhaa. Sawa, ila sioni mwenye boti atakayefurahia kuambiwa kwamba tela lake limezamishwa.

Umeme aliouona Sorel tunaweza kuuita “kinga ya kafara”, na hapa Kiswahili kina bahati ya kuwa na neno lililo tayari. Zinki ni nyepesi kutoa elektroni kuliko chuma. Viwili hivi vikiwa vimegusana ndani ya maji ya chumvi, zinki hutoa elektroni zake na kuisha yenyewe ili chuma kisalie. Ndiyo maana mkwaruzo mdogo kwenye tela lililochovywa haushiki kutu mara moja. Manahodha wanalijua jambo hili kwa vitendo: kile kipande cheupe kinachofungwa karibu na propela, kikabadilishwa kikiisha, kazi yake ni hiyohiyo.

Sasa tulitazame tela lenyewe, kama yale yanayoegeshwa kando ya Mkondo wa Mtwapa. Chasisi ni bomba la mraba, rangi yake bado nzuri. Fundi anaigonga kwa nyundo kuanzia mbele. Sauti ni kali, kali, kisha karibu na ekseli inakuwa nzito, na kwenye tundu la chini magamba ya kutu yanadondoka pamoja na mchanga wenye unyevu. Bomba hilo limeliwa kutoka ndani, mahali ambapo brashi haikuwahi kufika. Zinki ya birika hufika, mradi bomba litobolewe matundu ya kuingizia zinki na kutolea hewa. Bomba lililozibwa linaweza kupasuka ndani ya birika. Kwa hiyo ukinunua, tafuta matundu hayo kwenye ncha za mabomba, pamoja na matone ya zinki yaliyogandia pembeni.

Kutu ikiwa kwenye chuma cha kukingama peke yake, kata na uchomelee kipande kipya. Kama tela limechovywa, jihadhari: zinki huchemka kwenye nyuzi 907, na moto wa kuchomelea unapita hapo mbali sana. Moshi wake humletea fundi homa na baridi usiku. Wengine hutegemea maziwa kama kinga, lakini hayasaidii. Dawa ni kusaga zinki yote ya mahali pa kuungia kwanza, na kufanya kazi penye upepo. Kisha paka rangi yenye unga mwingi wa zinki juu ya chuma kitupu, si juu ya kutu wala rangi ya zamani, kwani pasipo kugusana hapana kafara. Lakini nyundo ikizama kwenye shingo ya tela au penye springi na ekseli, usitie kiraka, nunua jingine.

Beringi za magurudumu ni habari nyingine. Zikiingia majini zikiwa na moto, hewa ya ndani hunywea na kuvuta maji kupita kwenye sili, na hakuna zinki ya kuzuia hilo. Ngoja zipoe.

Na ukiagiza tela jipya kwa fundi, mwandikie kwenye karatasi ya bei: lichovywe zinki baada ya kuchomelewa. Akinunua mabomba yaliyokwisha kuchovywa na kuyaunga mwenyewe, ataliita tela la galvanaizi vilevile, na kila kiungo kitakuwa chuma kitupu.